Nimechomoa diski ya zamani, Windows na Mint zote zimegoma. HDD inahusikaje?

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu habari za usiku.

Nina kompyuta ya mezani ya steshenari yangu hapa Morogoro, ina diski mbili. Ya kwanza ni ile iliyokuja nayo, HDD ya GB 500, diski ya sahani zinazozunguka. Ina Windows 10 ya zamani ambayo siitumii tena, na folda moja kubwa ya mitihani na fomu za wateja. Ya pili ni SSD ya GB 240, diski ya kisasa isiyozunguka, niliyonunua mwaka juzi. Fundi aliniwekea humo Windows 10 nyingine, mimi mwenyewe nikaja kuweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, pembeni yake. Nikiwasha inakuja menyu nyeusi ya GRUB, ile programu inayouliza uwashe mfumo upi. Nikichagua Windows inakuja skrini ya bluu yenye mistari miwili inayofanana kama mapacha, "Windows 10" na "Windows 10". Nimeshazoea, ya juu ndiyo ya SSD.

Sasa HDD imeanza kugonga. Si feni, feni naijua. Ni ka, ka, ka, kimya, halafu ka tena, na kila ikigonga kompyuta nzima inaganda hadi nusu dakika. Mteja kasimama na flashi mkononi anasubiri kuprinti, tunabaki tunaangalia skrini wote wawili.

Jana usiku nikasema liwalo na liwe. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikachomoa nyaya mbili za HDD, nikawasha. Skrini nyeusi, "No bootable device". Nikaingia BIOS (mipangilio ya ubao wa mama), SSD inaonekana vizuri tu, nikaiweka iwe ya kwanza. Wapi. Nikarudisha nyaya, kila kitu kikawaka kama hakijatokea kitu.

Windows ninayotumia iko SSD. Mint iko SSD. HDD inahusikaje hapo? Na tafadhali msiniambie nifomati, kuna programu ya kutengeneza vyeti niliyoilipia na printa mbili zilizonitoa jasho kuziunganisha.

#2 Siti ya Dirishani

Nimeweka kambi hapa. Nami nina diski ya namna hiyo.

#3 Jembe Jipya

Mkuu umepigwa. Windows yako iko kwenye HDD, huyo fundi alikubandikia SSD ya pambo. Fungua "This PC" uangalie.

#4 Babu Waya

Jembe punguza mwendo. Angekuwa amepigwa, SSD isingekuwa na Mint.

Kalamu, kabla ya kukushauri naomba vitu vitatu. Kwanza, ukiwa Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, uniambie mstari wa "BIOS Mode" unasema Legacy (mtindo wa zamani wa kuwashia) au UEFI (mtindo mpya). Pili, kwa njia hiyohiyo andika diskmgmt.msc, uone patisheni (kipande cha diski) ipi imeandikwa "System" na ipi imeandikwa "Boot". Tatu, ukiwa Mint fungua teminali uandike lsblk -f na lsblk, utuletee hapa.

Na jambo moja usilifanye kabisa: usiiendeshee hiyo HDD chkdsk /r kwa kudhani unaitibu. Amri hiyo inaisoma diski nzima sekta kwa sekta. Diski inayogonga unaifanyisha mbio za marathoni ikiwa kitandani.

#5 Kalamu Nyekundu

Babu shikamoo. Haya hapa.

BIOS Mode: Legacy.

Kwenye diskmgmt, patisheni ndogo ya MB 500 iliyo mwanzoni mwa HDD imeandikwa System, Active. C: iliyo kwenye SSD imeandikwa Boot. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, maana si Boot ndiyo inayobuti?

Na hii ya Mint, nimeunganisha zote mbili:

sda 465.8G
sda1 500M ntfs
sda2 150G ntfs
sda3 311.3G ntfs /mnt/kazi
sda4 4G swap [SWAP]
sdb 223.6G
sdb1 140G ntfs
sdb2 83.6G ext4 /

Hiyo swap ya HDD (sehemu ya kusaidia RAM ikijaa) ilibaki tangu zamani nilipojaribu Ubuntu.

#6 Babu Waya

Marahaba. Sasa picha imekamilika.

Hayo majina ya Windows yamekaa kinyume, na yamewachanganya watu tangu enzi na enzi. "Boot" ni patisheni yenye Windows yenyewe, lile folda la C:\Windows. "System" ndiyo yenye faili za kuanzishia, yaani bootmgr na ile orodha yake iitwayo BCD. Kwako nyumba iko SSD, funguo zimewekwa kwa jirani HDD.

Zilifikaje huko? Fundi aliposakinisha Windows ya pili hakuichomoa HDD. Kisakinishi cha Windows kikikuta tayari kuna patisheni hai ya kuanzishia kwenye diski ambayo BIOS inaihesabu ya kwanza, hakitengenezi nyingine. Kinaongeza mstari mmoja kwenye orodha iliyopo. Ndiyo maana una mapacha wawili kwenye skrini ya bluu: wote wanasomwa kutoka kwenye zile MB 500 za HDD.

Ukaja wewe na Mint. Mwishoni mwa kusakinisha kuna kisanduku kinachouliza GRUB iwekwe diski gani, na chenyewe kimeshajijazia /dev/sda. Wengi hatukisomi. sda kwako ni HDD. Kwa hiyo kipande cha kwanza cha GRUB kikakaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya HDD. Sekta hiyo ina baiti 512 tu: 446 ni za msimbo wa kuanzishia, 64 ni jedwali la patisheni, 2 za mwisho ni saini. Mint ilipoona kuna swap HDD nayo ikaichukua bila kukuuliza.

Ulipochomoa HDD, BIOS ilikwenda kwenye sekta ya kwanza ya SSD. Haikukuta GRUB, wala patisheni iliyowekwa alama ya kuwa hai. Ikakwambia ukweli wake, hakuna pa kuanzia. SSD haina kosa, fundi naye hakukuibia. Alifanya haraka tu.

#7 Jembe Jipya

Sawa nimekubali nilikosea. Lakini mimi bado ningechomoa HDD nikafomati SSD, dakika arobaini kazi imeisha.

#8 Mama Sava

Dakika arobaini za kusakinisha, wiki mbili za kutafuta ile programu ya vyeti na draiva za printa. Kasema hataki.

Kwenye jambo moja Jembe yuko sahihi, na mimi ofisini nimelifanya sheria: ukisakinisha mfumo wowote, diski nyingine zote zichomolewe waya. Usitegemee kuchagua vizuri kwenye skrini.

#9 Babu Waya

Dawa sasa. Fanya yote HDD ikiwa bado imechomekwa, halafu uchomoe mwisho. Watu hufanya kinyume, wanaishia kuhangaika na flashi za uokoaji.

Anza na data. Nakili folda ya kazi kwenda diski ya nje leo hii, kabla ya amri yoyote. Ukiwa Mint tumia rsync -av, ili ikikatika uendelee ilipoishia. Ikikwama kwenye faili moja ikawa inagonga tu, acha, tutatumia ddrescue. Hiyo inaruka sehemu mbovu, inachukua kwanza zilizo nzima, ndipo inarudi kwenye mbovu.

Windows. Ingia Windows ya SSD, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

Hapo unatengeneza bootmgr na BCD mpya ndani ya C: yenyewe. Kisha diskpart, list disk. Angalia ukubwa, usiangalie namba! Chagua yenye GB 223, mfano select disk 1, halafu list partition, select partition 1, active, exit.

Mint. Teminali:

sudo grub-install /dev/sdb
sudo dpkg-reconfigure grub-pc

Ni sdb, si sdb2. GRUB inawekwa kwenye diski, haiwekwi kwenye patisheni. Amri ya pili itakuonesha orodha ya diski: weka alama kwenye SSD, toa kwenye HDD. Usiiruke. Ukiiruka, siku GRUB ikisasishwa itaitafuta diski iliyokwishaondoka.

Mwisho fstab, orodha ya patisheni ambazo Mint huziunganisha ikiwaka. sudo nano /etc/fstab, weka alama ya # mwanzoni mwa kila mstari unaohusu HDD ili usisomwe. Kwako ni miwili, swap na /mnt/kazi. Zima, chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha kwanza, ndipo utoe nyaya za HDD. Ukiwasha ikafika Mint, piga sudo update-grub ili menyu isahau mambo ya zamani.

#10 Mama Sava

Nyongeza kwa Babu. Ukichagua Windows ukaona inalalamika haina bootmgr, chukua flashi ya kusakinishia Windows, fungua ukurasa wa amri, ingia folda la boot, andika bootsect /nt60 C: lakini hakikisha kwanza herufi ya SSD, maana ukiwasha kwa flashi herufi hubadilika. Na usiongeze /mbr pale mwishoni. Ukiongeza utaifuta GRUB uliyotoka kuiweka, utarudi hapa unalia.

Windows isipotokea kabisa kwenye menyu, fungua /etc/default/grub uongeze mstari huu, kisha update-grub:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 kutafuta mifumo mingine kumezimwa hadi ukuwashe mwenyewe. Baadhi ya Linux hukuwashia, baadhi hazikuwashii.

#11 Mchuuzi wa Mwembe Tayari

Wakubwa, mimi niko Mombasa, na laptopu yangu ni UEFI. HDD kuukuu iko pale palipokuwa na DVD, ndani ya kedi (kishikio cha kuchomekea diski). SSD iko ndani. Windows 11 na Ubuntu zote ziko SSD. Hizi hatua zanihusu au niketi kando?

#12 Mama Sava

Keti kando kidogo, zako ni nyingine. Usipige /f BIOS wala active, hazina kazi kwako.

Kwenye UEFI hakuna habari ya baiti 446. Kuna patisheni ndogo ya FAT32 inaitwa EFI, ndani yake kila mfumo una folda lake, na ubao wa mama unatunza orodha ya njia za kuzifikia. Swali lako ni moja tu: hiyo EFI iko diski gani? Ukiwa Ubuntu andika findmnt /boot/efi. Ikikujibu patisheni ya SSD, angalia kama ndani ya /boot/efi/EFI kuna folda la Microsoft na la ubuntu. Yakiwepo yote mawili, chomoa kedi kwa amani.

Ikikujibu ya HDD, basi uko kwenye mkumbo uleule wa Kalamu. Ukiwa Windows, ndani ya diskpart chagua C:, shrink desired=300, create partition efi size=260, format quick fs=fat32, assign letter=S, exit. Kisha bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ukirudi Ubuntu badilisha UUID (namba ya utambulisho) ya /boot/efi kwenye fstab iwe ya patisheni mpya, ichomoe ya zamani kwa umount, iweke mpya kwa mount, halafu grub-install bila kutaja diski. efibootmgr -v itakuonesha kama njia mpya imeandikishwa.

Na kabla ya yote hayo: BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski. Ikiwa imewashwa, kubadilisha mambo ya kuwashia kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Uwe umeuandika karatasini, au uisimamishe kwanza. Nimeona mtu mzima anatokwa na kijasho mbele ya skrini ile.

#13 Mchuuzi wa Mwembe Tayari

Imenijibu SSD, na mafolda yote mawili yapo. Ahsante mama, umeniokolea Jumamosi yangu. Kedi yatoka leo.

#14 Kalamu Nyekundu

Mrejesho, sehemu ya kwanza.

Data imetoka. Folda la 2019 liligoma, rsync ikasimama dakika kumi inagonga tu, nikaiacha. Mengine yote yako diski ya nje. Nimetazama pia afya ya HDD kwa smartctl: Current_Pending_Sector ni 88 na Reallocated_Sector_Ct ni 312. Ni mbaya?

Nimefanya hatua za Babu zote, nimechomoa, nimewasha. GRUB IMEKUJA. Windows imefunguka moja kwa moja, ile skrini ya bluu ya mapacha haipo tena. Nimeprinti ukurasa mmoja kwa furaha tu.

Mint sasa. Inaandika "A start job is running", inahesabu hadi dakika moja na nusu, halafu maandishi meupe, "You are in emergency mode". Nimefunga duka, nawaandikia kwa simu.

#15 Babu Waya

Namba 88 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini, 312 ni zilizokwisha kuhamishiwa akiba. Ikibaki hivyo mwaka mzima ningeishi nayo kwa mashaka. Inayogonga, hapana. Hata picha za harusi ya jirani siweki.

Mint: kuna mstari wa fstab umeusahau. Swap ikikosekana mfumo huisubiri sekunde 90, unakata tamaa, unaendelea. Patisheni ya mafaili ikikosekana hauendelei, unakutupa hapo ulipo. Naweka dau ni /mnt/kazi.

Bonyeza Enter hapohapo utapata mahali pa kuandika. Kisha:

mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab

Weka #, hifadhi, reboot. Siku nyingine, diski yoyote inayoweza kutoka iandikie neno nofail kwenye mstari wake.

#16 Kalamu Nyekundu

Ni kweli, ulikuwa /mnt/kazi. Niliweka # kwenye mstari wa maelezo ulio juu yake, ambao tayari ulikuwa na #. Ikawa na mbili. Msinicheke.

Imewaka. Ila pale mwanzoni inasimama kama nusu dakika hivi, skrini nyeusi, kisha inaendelea.

#17 Siti ya Dirishani

Mbili 😂😂 samahani mkuu.

#18 Babu Waya

Inaitafuta ile swap ya zamani, ikidhani huenda ulilaza kompyuta usingizi ndani yake. Fungua /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, futa ile UUID uandike RESUME=none, halafu sudo update-initramfs -u. Swap mpya tengeneza ya faili, GB 4 zinatosha kwa kazi zako.

Na ukiwa na nafasi fikiria habari ya Windows 10. Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Barua pepe na benki fungulia Mint.

#19 Kalamu Nyekundu

Sekunde kumi na tisa, kutoka kitufe hadi eneo kazi. Nimepima kwa simu mara tatu.

Babu, Mama Sava, Mungu awazidishie. Lile folda la 2019 nitajaribu ddrescue wikiendi. Halafu HDD niifanyeje? Kuna kijana wa chuma chakavu anapita kila Ijumaa, ananunua.

#20 Mama Sava

Humo si kuna mitihani ya shule na fomu zenye namba za vitambulisho vya watu? Usimpe hivyohivyo. Kufomati kwa haraka hakufuti, kunabadilisha orodha tu. Ukimaliza ddrescue, ichomeke kwa adapta ya USB, lsblk kwanza uone imepewa jina gani, kisha sudo shred -n 1 -v kwenye jina hilo. Itachukua saa kadhaa. Ikikwama katikati kwa ubovu wake, ifungue utoboe sahani kwa drili. Sumaku zilizo ndani usimpe kijana, ni kali sana, zinashika bisibisi ukutani vizuri kuliko misumari.

#21 Kalamu Nyekundu

Sumaku zangu hizo. Swali la mwisho jamani: SSD fundi aliibandika kwa gundi ya pande mbili, inaning'inia. HDD imetoka na skrubu nne. Niifungie hizo?

#22 Babu Waya

Hapana. Za HDD kubwa ni nene, SSD inatumia ndogo za M3. Ukilazimisha utapasua tundu. Nenda kwa fundi yeyote wa laptopu, atakupa mbili bure.